Mteja Hajakosea, Ukurasa Ndio Umemkosesha

Jumamosi moja mwezi wa Machi, senge yangu alisimama stejini Kanduyi, Bungoma, kuanzia saa nane mchana mpaka giza likaanza kuingia. Alikuwa anangoja katoni ya vifaranga 50 kutoka Kitale. Kila matatu ya Kitale ikifika anaenda kwa dereva, anauliza kama kuna mzigo wake, anaambiwa hakuna. Ya mwisho ilipomaliza kushusha watu, akanipigia simu.

"Mwana wefwe, pesa ilikatwa tangu Alhamisi. Vifaranga sioni."

Ilikuwa shilingi 5,000, pesa ya maharagwe aliyokuwa ameweka tangu Januari akingoja bei ipande. Nyumbani alikuwa ameshatandaza maranda ya mbao, amenunua mfuko wa chakula cha vifaranga na kuandaa jiko la kuwapasha joto. Nikampigia muuzaji pale Kitale. Akaangalia kwa kompyuta, akaniambia pesa iko, imefika salama, lakini haijulikani ni ya oda gani. Pale panapoandikwa akaunti, senge alikuwa ameweka namba ya akaunti yake ya benki. Mashine ikayaweka malipo yake kando pamoja na mengine yasiyo na mwenyewe, na vifaranga wakaenda kwa mtu mwingine.

"Shida ya wateja ni kwamba hawasomi," muuzaji akasema.

Ningemuunga mkono, maana hiyo sentensi nimeisema mwenyewe mara nyingi tu. Lakini kulikuwa na mambo mawili. Kwanza, senge amekuwa katibu wa chama chao kwa miaka mingi, na akisoma mahesabu hakuna shilingi inayopotea. Pili, ule ukurasa wa kulipia niliutengeneza mimi.

Kwa hivyo leo, hapa ambapo tumezoea kukuelekeza wewe mteja ufanye hivi na usifanye vile, nataka kusema kitu ambacho sisi watu wa masoko hatupendi kusema. Mara nyingi ukikosea kulipa kwa simu ama kwa tovuti, kosa si lako. Ni la aliyepanga ile skrini. Na tukiendelea kukulaumu wewe, skrini itabaki vile ilivyo, na kesho itamkosesha mwingine.

Rangi nzuri, swali baya

Nilisomea masoko chuo kikuu. Nilipomaliza, kabla sijapata kazi hii, nilikuwa nawatengenezea wafanyabiashara wa Kitale kurasa za kuuzia bidhaa. Huyu wa vifaranga alikuwa mteja wangu wa tatu, na ukurasa wake niliuonea fahari sana. Niliweka picha kubwa za kuku zinazobadilishana zenyewe, rangi ya kijani inayofanana na ya nembo yake, na maandishi membamba ya kupendeza. Kwa laptopu yangu, kwa intaneti ya chuo, ulikuwa unafunguka mara moja.

Chini kabisa nikaweka sehemu ya malipo. Kulikuwa na namba ya Paybill, halafu maneno manne: "Weka namba ya akaunti." Mimi nilijua kwamba hiyo akaunti ni namba ya oda, ile ambayo tovuti inamtumia mteja kwa barua pepe. Nilijua kwa sababu mimi ndiye niliyepanga iwe hivyo.

Senge ana barua pepe, ndiyo. Alifunguliwa na binamu yangu siku alipokuwa anatafuta cheti fulani cha serikali, na neno la siri alishalisahau. Kwa hivyo ile barua yenye namba ya oda ilitumwa mahali ambapo hajawahi kuingia tena. Aliposoma "namba ya akaunti", akaelewa vile mtu yeyote angeelewa. Baadaye nilipomuuliza kwa nini aliweka ya benki, alinijibu kwa swali:

"Kwani akaunti ni ya nani, yangu ama yao? Niliweka yangu ndiyo wakikosa vifaranga wanirudishie pesa."

Hebu fikiria hilo jibu. Alisoma, akafikiria, na hata akapanga jinsi ya kurudishiwa pesa mambo yakiharibika, kitu ambacho mimi fundi sikuwa nimekiwaza kabisa. Ukurasa ulimpa neno moja lenye maana mbili, naye akachukua maana anayoijua.

Kuna matatu nyingine mlango wake unafunguliwa na konda peke yake. Lazima uuinue kidogo, uusukume, halafu uuvute. Abiria akishindwa kuufungua, hakuna anayemwambia kwamba hajasoma. Watu wote ndani watakubaliana kwamba mlango umeharibika. Don Norman, mtaalamu wa Marekani aliyeandika kitabu maarufu kuhusu vitu vya matumizi ya kila siku mwaka 1988, alisema jambo hilohilo kuhusu milango ya majengo. Ukiona watu wengi wanasukuma mlango wa kuvuta, tatizo liko kwa mlango. Ajabu ni kwamba kwa mlango tunakubali haraka, lakini jambo likihamia kwa simu tunaanza kumwangalia mtumiaji kama mshamba.

Watu watano, shilingi kumi kumi

Wiki iliyofuata nilipanda matatu Kitale, nikapitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye mpaka Bungoma. Laptopu niliiacha nyumbani makusudi. Nilitaka kuona watu wakitumia ukurasa wangu kwa simu zao wenyewe.

Jakob Nielsen, mtaalamu mwingine wa mambo haya aliyezaliwa Denmaki, aliandika mwaka 2000 kwamba ukiwatazama watu watano tu wakitumia tovuti, utaona sehemu kubwa ya matatizo yake. Watu watano ningeweza kuwapata. Nikaweka oda ya majaribio ya shilingi kumi, nikawa nampa kila mmoja hiyo kumi pamoja na bando la kufungulia ukurasa. Sharti nililojiwekea lilikuwa moja tu: ninyamaze. Nisiwaonyeshe pa kubonyeza, nisiseme "hapana, hapo chini". Nikwambie ukweli, kunyamaza kulikuwa kugumu kuliko kutengeneza ule ukurasa.

Wa kwanza alikuwa kijana wa bodaboda pale Kanduyi. Simu yake ilikuwa na kioo kilichopasuka, na kidole chake ni kinene cha mtu anayefanya kazi. Kitufe cha "Lipa" na cha "Ghairi" nilikuwa nimeviweka vikikaribiana, vyote kijani ili vifanane na nembo. Alibonyeza "Ghairi" mara mbili bila kutaka. Mara ya tatu akanirudishia kumi yangu.

Wa pili alikuwa mama anayeuza nyanya sokoni Chwele. Ana kabambe. Ukurasa haukufunguka hata kidogo. Akaniuliza, kwa heshima kabisa, "Sasa kijana, si uniambie tu namba ya kulipa?" Yaani kwake yeye, kazi yangu yote ya wiki tatu haikuwepo.

Wa tatu alikuwa mwalimu mstaafu, mzee makini sana. Aliandika namba yake ya simu kwa kuanza na +254, akaacha nafasi kila baada ya tarakimu tatu, vile watu wengi huandika ili isomeke. Ukurasa ukamkatalia kwa maandishi mekundu ya Kiingereza yanayosema kwamba alichoweka si halali. Mwalimu akasimama, akaanza kupiga simu kwa mtoto wake. Alidhani laini yake imefungiwa.

Wa nne alikuwa msichana wa chuo. Huyu nilikuwa na hakika atapita. Alipita kweli, akalipa, halafu ukurasa ukanyamaza. Haukusema "tumepokea" wala "ngoja kidogo", ulibaki umetulia tu. Akangoja kama dakika moja, akasema "haijaenda hii," akalipa tena. Zote mbili zilikuwa zimeenda.

Wa tano alikuwa senge mwenyewe. Mnajua alikokwama.

Kati ya watu watano, aliyenunua vifaranga mara moja tu na sawasawa hakuwepo. Kama wateja hawasomi, basi Bungoma nzima haisomi, pamoja na mwalimu aliyefundisha watu kusoma. Hiyo haiwezekani. Ukurasa wangu ndio ulikuwa mbovu.

Vile tulivyofika hapa

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba sisi Wakenya tulipaswa kujua haya kabla ya wengi. Huduma yetu kubwa ya pesa kwa simu ilizaliwa kwa kuwatazama watumiaji. Mwaka 2005, kabla M-Pesa haijatangazwa, ilijaribiwa kwa wateja wa shirika la mikopo la Faulu Kenya, Thika ikiwa moja ya mahali pa majaribio. Wazo la mwanzo lilikuwa watu walipe mikopo yao kwa simu. Lakini waliopewa simu walianza kufanya mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango, hasa kutumiana pesa wao kwa wao.

Wangeweza kusema "wateja hawaelewi, tuwaelimishe". Badala yake walifuata kile watu walichokuwa wanafanya. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kazi yake kubwa iliyotangazwa ilikuwa kutuma pesa nyumbani. Hilo kila mtu alilielewa, kwa sababu tayari tulikuwa tunatuma pesa nyumbani kwa bahasha, tukimpa dereva wa basi na kuomba Mungu.

Angalia pia jinsi menyu yenyewe ilivyopangwa. Inakuuliza swali moja, unajibu, inakuuliza lingine. Unatuma kwa nani? Kiasi gani? PIN? Haina picha hata moja, na inafanya kazi kwa kabambe. Mama wa Chwele aliyeshindwa na ukurasa wangu hutuma pesa kila wiki kwa njia hiyo, tena kwa haraka kuliko mimi.

Haikuwa kamili, na hapo pia kuna funzo. Zamani ukikosea tarakimu moja ya namba, ulikuwa unajua baada ya pesa kuondoka. Unaona jina la mtu usiyemfahamu kwenye meseji, moyo unaruka. Ushauri tuliokuwa tunapewa ni "kuwa makini". Watu waliendelea kukosea, kwa sababu tarakimu kumi ni tarakimu kumi, na mtu hutuma pesa akiwa ndani ya gari, mtoto analia, jua linapiga skrini. Kilichosaidia ni kile kinachoitwa Hakikisha. Ukituma, jina la anayepokea linajitokeza na unapewa sekunde chache za kusimamisha. Makini yetu ni ileile ya zamani. Skrini tu ndiyo ilianza kutuonyesha kitu tunachoweza kukikagua. Namba ya shemeji huenda huikumbuki, lakini jina lake ukiliona unalijua.

Mfano mwingine uko hapa Kitale, mji wa mbegu, ambapo Kenya Seed ina makao yake. Mkulima akinunua mfuko wa mbegu ya mahindi, anakwaruza kibandiko kilichowekwa juu yake, anatuma namba zilizofichwa kwenda 1393, na anajibiwa kwa meseji kama mbegu hiyo ni halisi. Namba ni moja, kitendo ni kimoja, na jibu linarudi palepale dukani kabla hajabeba mfuko. Sijawahi kuona mkulima akihitaji semina ya siku mbili ili aelewe hilo. Wataalamu wana neno "kiolesura", yaani ile sehemu ya mashine unayoiona na kuigusa. Hicho kibandiko ni kiolesura kizuri kuliko tovuti nyingi nilizoziona, pamoja na zangu.

"Lakini elimu si ni muhimu?"

Ni muhimu, na ndiyo kazi inayonilipa mshahara. Kuna mambo ambayo hakuna skrini inaweza kukufanyia. Skrini haiwezi kukuzuia kumtajia mtu PIN yako anapokupigia akijifanya mfanyakazi wa huduma kwa wateja. Haiwezi kujua kwamba anayekuambia "nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie" ni tapeli. Hayo lazima tuambiane, na tuambiane kila siku.

Pia sisemi kila kitu kirahisishwe mpaka mtu alipe bila kujua. Kuna hatua zinazokuchelewesha kwa faida yako. Kuandika PIN kunachelewesha. Kuona jina na kungoja sekunde kadhaa kunachelewesha. Hizo zibaki. Ninazopinga mimi ni hatua zinazokuchelewesha bila kukulinda: neno lisiloeleweka, kitufe kisichoonekana, kosa linaloandikwa kwa Kiingereza cha fundi, ukurasa unaonyamaza baada ya kuchukua pesa yako.

Kuna mtu atasema kurekebisha ni gharama, na mfanyabiashara mdogo wa Kitale hana hizo pesa. Nilifikiri hivyo pia. Lakini hebu tuhesabu kile ambacho ukurasa mbovu ulikuwa unagharimu. Muuzaji alikuwa na mfanyakazi anayeshinda kwa simu akitafuta pesa ni ya nani. Alikuwa anarudisha malipo yaliyofanywa mara mbili. Na alikuwa na senge mmoja wa Kanduyi ambaye tayari alikuwa ameambia chama kizima kwamba watu wa vifaranga Kitale si waaminifu. Hiyo ya mwisho ndiyo gharama kubwa, kwa sababu haiandikwi popote.

Marekebisho yenyewe yalichukua siku nne. Niliondoa picha zinazobadilishana, nikabakisha moja ndogo. Kitufe cha kulipa nikakifanya kikubwa na kukiacha peke yake. Namba ya simu sasa inakubaliwa hata ukiandika na nafasi au kwa +254, maana kuondoa nafasi ni kazi ya kompyuta, si ya mwalimu mstaafu. Ujumbe wote ukawa wa Kiswahili. Ukishaweka namba yako ya simu, ombi la PIN linajitokeza lenyewe kwa simu likiwa na jina la biashara na kiasi, kwa hivyo hakuna akaunti ya kuandika. Ukilipa, ukurasa unakuambia: "Tumepokea shilingi 5,000. Vifaranga wako 50 wataondoka Kitale Jumamosi saa tano."

Kwa mtu wa kabambe, tuliweka bango dukani na maneno ambayo yanaweza kusomwa hata kwa simu ya kupiga. Anapiga anaagiza, kisha analipa kwa Paybill, na pale pa akaunti anaweka namba yake ya simu. Hiyo namba kila mtu anaijua kwa kichwa. Tulibadilisha pia maneno. Badala ya "Weka namba ya akaunti" tukaandika "Kwa akaunti, andika namba yako ya simu." Ni maneno machache tu yaliyoongezeka, na yangekuwepo tangu mwanzo, senge asingesimama stejini saa nne nzima.

Wewe unayelipa, fanya haya

Najua huwezi kungoja mpaka kila fundi arekebishe ukurasa wake. Ada ya shule inalipwa leo, tokeni ya stima inaisha leo. Kwa hivyo haya ndiyo ninayomwambia senge, na nakuambia nawe.

Jua tofauti ya Till na Paybill. Till inahitaji namba moja tu ya biashara, halafu kiasi. Paybill inahitaji namba mbili: ya biashara, halafu akaunti. Akaunti ni ile namba inayowaambia pesa ni ya nani au ya kitu gani. Kwa shule mara nyingi ni namba ya usajili ya mtoto, kwa stima ni ya mita yako, kwa duka ni ya oda. Kama haijaandikwa wazi, usikisie. Piga simu uulize swali la senge: "Hiyo akaunti ni yangu ama yenu?" Si swali la kijinga hata kidogo.

Soma jina kabla ya kukubali. Kama jina la biashara linalojitokeza silo unalotarajia, ghairi kwanza, uliza baadaye.

PIN inaandikwa kwa lile ombi linalotoka kwa laini yako, basi. Tovuti yoyote inayokuomba uandike PIN ya pesa zako ndani ya ukurasa wenyewe, ifunge. Na ombi la PIN likijitokeza kwa simu yako wakati wewe hujanunua kitu, likatae hata kama kiasi ni kidogo.

Ukurasa ukinyamaza baada ya kulipa, usilipe tena. Angalia meseji, angalia salio. Kama pesa imekatwa, imeenda. Piga simu kwa muuzaji ukiwa na ile meseji mbele yako, umsomee namba ya muamala.

Ukituma kwa mtu asiye sahihi, fanya haraka. Kwa M-Pesa, sambaza ile meseji ya uthibitisho kwenda 456 mara moja. Kadiri unavyochelewa ndivyo aliyepokea anavyopata muda wa kuzitoa, na zikishatolewa kuzirudisha kunakuwa kugumu sana.

Na wewe mwenye biashara

Kama una duka, shule, kanisa au chama kinachopokea pesa kwa simu, una skrini, hata kama huna tovuti. Kile kibandiko cha Till kilicho ukutani ni skrini. Meseji ya ada unayotuma kwa wazazi ni skrini. Sasa fanya jaribio langu. Tafuta watu watano ambao hawakujui, wape shilingi kumi kumi, waambie walipe, na ujikaze usiongee. Ukiona wawili wamekwama mahali pamoja, usiwaeleze. Badilisha pale mahali.

Na hiyo inatuhusu na sisi kampuni za malipo, pamoja na hii ninayofanyia kazi. Kila tunapoandika makala ya kukueleza jinsi ya kufanya jambo kwa hatua kumi na mbili, tunapaswa kujiuliza kwanza kwa nini hatua ni kumi na mbili. Nilisema hivyo kwenye mkutano wetu mmoja, na kulikuwa na kimya kidogo. Lakini makala hii imepita, kwa hivyo nadhani walikubali.

Senge alirudishiwa 5,000 zake baada ya siku tisa. Vifaranga alikuja kununua mwezi wa Mei, kwa ukurasa uleule, bila kunipigia simu kuuliza chochote. Nilijua tu nilipoenda kumsalimia nikawakuta kwenye maranda, wameanza kuota manyoya ya mabawa. Hakusifu ukurasa. Alilalamika bei ya chakula cha kuku, kama kawaida.

Kwa hivyo nakuomba kitu kimoja. Siku nyingine ukikwama mahali unapolipa, usiseme "mimi sijui haya mambo ya simu" halafu umpe mtoto akufanyie. Tuambie umekwama wapi: ni neno gani hukulielewa, ni kitufe gani hukukiona, ulidhani itafanya nini ikafanya nini. Kwetu sisi hiyo habari ni ya maana kuliko pongezi, kwa sababu huenda kuna mwingine amesimama stejini sasa hivi, akingoja kitu alichokwisha lipia.